UZI: Nywila ya Windows haifungi maandishi yako ya siri. Tujifunze kuyafunga kweli

Fundi wa Makoroboi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mwenye nafasi ausome mpaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe linaniuma kila wiki nikiwa kazini.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanza, kazi zangu nazifanyia Makoroboi. Mashine zinazofika mezani kwangu ni za watu wa kawaida: mwalimu wa Buswelu, mwenye duka Igoma, mwanachuo, mchungaji, karani. Mtu analeta laptopu haiwaki, anainama kidogo na kuniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, humo kuna mambo yangu binafsi, ila nimeweka nywila, kwa hiyo sina wasiwasi." Anaondoka ametulia. Mimi ndiye ninayebaki na wasiwasi, kwa sababu najua nywila anayoisema haizuii mtu kusoma hata mstari mmoja.

Tazameni inavyokuwa. Nachukua flashi ya GB 8 yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, naichomeka, nawasha mashine huku nabonyeza F12 au F9 kulingana na kampuni iliyoitengeneza, nachagua iwake kutokea kwenye flashi. Windows haiamki kabisa, kwa hiyo hakuna wa kuuliza nywila. Dakika chache baadaye diski ya mwenye mashine iko mbele yangu. Nafungua Users, kisha jina lake, kisha Documents. Barua, shajara, madeni, majibu ya vipimo vya hospitali, vyote vimepangwa na vinasomeka. Na mashine ikiwa imekufa kabisa, unafungua skrubu, unachomoa diski, unaivalisha kava la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Huu si udukuzi. Ndivyo mafundi wote tunavyookoa faili za wateja Windows ikigoma. Anachoweza fundi mwaminifu, anakiweza pia aliyeiba laptopu kwenye basi.

Sababu ni kwamba ile nywila inaulizwa na Windows yenyewe. Faili zako zimelala kwenye diski zikiwa wazi kama kawaida, na ukiipita Windows umeyapita maswali yake.

Jambo la pili wanaloliamini watu ni kuficha folda. Bofya kulia, Properties, weka alama kwenye Hidden. Anayetaka kuliona anaingia kwenye View na kuruhusu vitu vilivyofichwa vionekane, basi. Halafu kuna kile kiprogramu kinachozunguka tangu enzi za Windows XP: unanakili mistari kwenye Notepad, unahifadhi kwa jina kama locker.bat, ukikibofya kinadai nywila na folda linatoweka. Kinavutia sana. Sasa bofya kulia kwenye hicho kifaili, chagua Edit, shuka chini kidogo. Utakuta mstari unaoanza na "if NOT %pass%==" na mbele yake nywila yako yote, herufi kwa herufi. Nimewaonyesha watu mstari huo kwenye mashine zao wenyewe, na wengine walikuwa wamekitegemea miaka.

Kinachofunga kweli ni kusimba. Programu inachukua maandishi yako pamoja na nywila yako, inayavuruga kwa hesabu mpaka yanakuwa takataka isiyosomeka, na bila nywila ile ile hayarudi kuwa maandishi. Kanuni inayotumika zaidi inaitwa AES, kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Marekani iliipitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2001, na tangu hapo wataalamu wa dunia nzima wanaichunguza hadharani. Kanuni yenyewe inajulikana na kila mtu. Siri ni nywila yako peke yake.

Njia ziko nyingi. Nazitaja zile ninazowawekea wateja.

Ukiwa na Microsoft Word: File, Info, Protect Document, Encrypt with Password. Andika nywila mara mbili, hifadhi. Hakikisha faili ni .docx. Zile .doc za zamani, za Word 97 mpaka 2003, zilisimbwa kwa ufunguo mfupi wa biti 40, yaani funguo kama trilioni 1.1 hivi. Kwa kompyuta ya leo funguo hizo zinamalizwa zote, moja baada ya nyingine, hata nywila yako iwe ndefu namna gani. Na usichanganye na Restrict Editing, wala ile Protect Sheet ya Excel. Hizo zinamzuia mtu kubadilisha tu, hazimzuii kusoma.

Ukitumia LibreOffice, ambayo ni ya bure: kwenye dirisha la kuhifadhi weka alama kwenye "Save with password". Inasimba kwa AES ya biti 256.

Kwa mafaili mengi pamoja, 7-Zip, ya Igor Pavlov, bure tangu 1999. Bofya kulia kwenye folda, 7-Zip, Add to archive. Pale kwenye Archive format chagua 7z, usichague zip, kwa sababu zip ikiachwa kama ilivyo hutumia usimbaji wa zamani wa ZipCrypto, ambao udhaifu wake ulichapishwa tangu 1994. Weka nywila, kisha usisahau alama ya "Encrypt file names". Usipoiweka, mtu hatasoma faili lakini atayaona majina yake, na jina kama "talaka rasimu ya pili" limeshasema kila kitu.

Na kwa anayeandika kila siku, VeraCrypt. Hii ilitokana na TrueCrypt, ambayo watengenezaji wake waliiacha Mei 2014. Unatengeneza faili moja kubwa, tuseme MB 500, unaliwekea nywila. Ukilifungua linatokea kama flashi mpya, tuseme herufi Z. Unaandika humo, ukimaliza unalifunga na Z inatoweka. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu maandishi hayatoki nje ya kufuli kila unapotaka kuongeza mstari.

Maswali karibuni. Nitakayoweza nitajibu.

Kisiwani Nansio

Mkuu, ubarikiwe. Mimi niko Ukerewe. Naandika kumbukumbu za ukoo wetu, na kuna mambo ya mirathi ambayo hayajafika wakati wa kusomwa na kila mtu. Maswali mawili. Kwanza, mtandao huku kuna siku unasumbua, je hizo programu zinahitaji intaneti muda wote? Pili, umeme ukikatika wakati faili liko wazi inakuwaje? Natumia kompyuta ya mezani, sina betri.

Fundi wa Makoroboi

Intaneti huhitaji hata kidogo baada ya kuziweka. 7-Zip haifiki MB 2, mtu wako akivuka na kivuko kuja mjini anaweza kukuletea kwenye flashi. Ila aichukue kwenye tovuti yake halisi, 7-zip.org. Kuna tovuti zenye majina yanayofanana nayo, na humo ndimo virusi hupakiwa.

Swali la umeme ni zito, na nafurahi umeliuliza. Ukifungua faili moja kwa moja kutoka ndani ya kifurushi cha 7z, 7-Zip huwa inatoa kopi isiyo na kufuli na kuiweka kwenye folda la muda la Windows, ndani ya folda dogo ambalo jina lake huanza na 7zO. Ukifunga kila kitu vizuri, inaifuta. Umeme ukikatika katikati, haipati nafasi ya kuifuta. Kopi inabaki pale, wazi kabisa, na wewe unaamini faili lako limefungwa. Kwa hiyo umeme ukirudi, bonyeza Windows na R, andika %temp%, tafuta hayo mafolda na uyafute.

Kwa hali yako ningekushauri VeraCrypt au LibreOffice, 7-Zip iwe ya kuhifadhia nakala tu. Hata hivyo VeraCrypt nayo ikikatikiwa na umeme ikiwa wazi, yaliyomo yanaweza kuharibika, kama flashi iliyochomolewa ghafla. Weka kopi ya faili zima kwenye flashi nyingine kila unapomaliza sura. Kopi nayo imefungwa, kwa hiyo hata flashi ikipotea huna hasara ya siri.

Katibu wa Mwaloni

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Kaka fundi, suala langu ni tofauti kidogo na la huyo ndugu wa Ukerewe.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaouza dagaa Kirumba Mwaloni. Daftari la hisa na mikopo kila mwanachama analiona, na inatakiwa iwe hivyo. Lakini pembeni nina maandishi yangu. Mwanachama akichelewesha rejesho ananifuata mimi na kunieleza kwa nini. Huyu ameanza dawa na hataki watu wajue. Huyu pesa zilichukuliwa nyumbani na mumewe. Mwingine amempoteza mtoto na hawezi kulisema mbele ya kikao. Naandika ili siku ya kikao nijue nani wa kumtetea na nani wa kumsukuma, maana nisipoandika nasahau, na nikisahau mtu anaumia.

Kompyuta si yangu. Ni ya steshenari ninakofanya kazi asubuhi, tunaitumia watu watatu na wote tunaingia kwa jina moja. Kuweka programu mpya inadai nywila ya mwenye duka. Nifanyeje?

Fundi wa Makoroboi

Marahaba dada. Umeandika jambo kubwa.

VeraCrypt kwako haifai, kwa sababu hata ile ya kubeba kwenye flashi inadai ruhusa ya msimamizi wa mashine. Word yenye nywila inawezekana. Kinachofaa zaidi ni KeePassXC ya kubeba kwenye flashi. Watu huitumia kutunza nywila, lakini kila ingizo lina sehemu ya kuandika maelezo marefu, na yote yanalala ndani ya faili moja lililosimbwa, lenye mwisho wa .kdbx. Faili hilo hilo linafunguka kwenye simu ya Android kwa programu ya KeePassDX.

Lakini nikuambie ukweli wote. Kompyuta ya steshenari ni mashine inayochomekwa flashi za watu wa kila aina kutwa nzima. Virusi vya kunasa kila unachobonyeza kwenye kibodi vikiwemo, vinapata nywila yako wakati unaiandika, na hapo hakuna usimbaji wa kukusaidia. Kufuli nzuri inafaa kwenye mashine unayoiamini. Kama simu yako ni yako peke yako na ina kufuli yake, andikia humo, kompyuta ya kazini usiiguse kwa jambo hili.

Na kitu kingine ambacho hakihitaji programu yoyote: usiandike majina. Kila mwanachama ana namba yake kwenye daftari. Andika namba. "14 ameanza dawa" ni sentensi isiyomwambia chochote mteja wa steshenari.

Baba Kulwa

Nimesoma yote, na fundi anajua kazi yake. Lakini nina neno. Huku kwetu mtu mwenye kufungafunga vitu ndiye mwenye jambo. Kama huna cha kuficha, kufuli ya nini? Mke wangu akiweka nywila kwenye faili, mimi nitajua nyumba imeingia mdudu. Tunafundisha watu kufichana ndani ya ndoa.

Muuguzi Mstaafu

Baba Kulwa, mimi ni mtu mzima, naomba unisikilize.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi hapa Mwanza. Nilipokuwa nikirudi nyumbani mume wangu alikuwa haniulizi nani amelazwa na anaumwa nini, na mimi nilikuwa simwambii. Hatukuwa tunafichana. Siri ile haikuwa yangu. Soma tena alichoandika katibu: hakuna hata mstari mmoja unaomhusu yeye. Ni machozi ya wenzake, walimpa wakiamini kwamba hayatafika sokoni. Akiyaacha wazi kwenye kompyuta ya watu watatu, anayewavua nguo wale akina mama ni yeye.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake binafsi. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mambo ya afya ya mtu yana uzito wa pekee humo. Si mambo ya kuchekea.

Baba Kulwa

Mama, shikamoo. Kwa siri za watu wengine nimekuelewa na nakubali. Kwa mume na mke bado naona ni bora wakae wakubaliane kwanza, asije mmoja akaikuta kufuli bila kuambiwa.

Fundi wa Makoroboi

Hapo mzee nipo nawe. Kumwambia mwenzako "hapa naandika shajara yangu, naomba pabaki pangu" ni jambo la dakika moja. Ila kwa wanaonifuata na laptopu ya mke, mume au mfanyakazi wakitaka nifungue bila mwenyewe kujua: huwa sifanyi, hata ukiongeza hela. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mimi fundi ndiye nitakayekuwa nimeshika bisibisi.

Mwanachuo Malimbe

Mkuu umeeleza vizuri, lakini mbona hujaigusa BitLocker? Si ndiyo inafunga diski nzima, na ile janja ya Ubuntu inakwama hapo hapo?

Halafu watu wengi wataweka hizo programu zote na nywila ikawa "mwanza2024". Naomba nichangie hapo.

Tarehe ya kuzaliwa: tarehe zote tangu 1940 mpaka leo ni kama 31,000 tu. Programu ya kubahatisha inazipitia zote kabla hujamaliza kunywa chai. Namba ya simu: za kwetu zinaanza na 06 au 07 na kufuatwa na tarakimu nane, kwa hiyo haziwezi kuzidi milioni 200. Inaonekana nyingi lakini kwa kompyuta ni kazi inayofanyika.

Kuna njia inaitwa Diceware, aliitoa Arnold Reinhold mwaka 1995. Unarusha dadu mara tano, unapata namba kama 41526, unaangalia neno lake kwenye orodha ya maneno 7,776. Unarudia mpaka upate maneno matano. Maneno matano ya namna hiyo yanatoa michanganyiko kama trilioni milioni 28. Orodha nyingi ni za Kiingereza, lakini hesabu haijali lugha. Chukua kamusi ya Kiswahili, chagua ukurasa kwa bahati, neno kwa bahati. Nikipata kitu kama "kitoweo rudufu mbega sahani tanzu", nakitungia picha kichwani na sikisahau. La muhimu ni bahati ichague, usichague wewe. Mstari wa wimbo wa injili, methali au aya ya Biblia hapana, kwa sababu wabahatishaji wanazo zote kwenye orodha zao.

Fundi wa Makoroboi

Mwanachuo, ahsante, hii ya kamusi nitaitumia kwa wateja.

BitLocker ni nzuri na sikuitaja kwa sababu mbili. Kwanza, kwenye Windows 10 na 11 inakuja na toleo la Pro kwenda juu, na mashine nyingi zinazofika kwangu ni Home. Baadhi ya Home zina "Device encryption", nayo hujiwasha yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo wa akiba unakwenda kwenye akaunti hiyo. Matokeo yake ninaletewa mashine yenye skrini ya bluu inayodai tarakimu 48, na mwenyewe hajui hata kama diski yake ilikuwa imesimbwa. Akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani kwa barua pepe ambayo hakuna anayeikumbuka. Hapo sina la kumsaidia. Mwenye laptopu mpya aende leo kwenye akaunti yake, auone huo ufunguo, auandike kwenye karatasi.

Pili, inalinda mashine ikiwa imezimwa au imeibwa. Ukishaingia, kila kitu kiko wazi kwa yeyote anayekaa kwenye kiti chako. Kwa familia inayotumia kompyuta moja kwa jina moja, haitenganishi maandishi yako na ya mwanao.

Mjukuu wa Magu

Wakuu, nimesoma kwa uchungu. Kaka yetu mkubwa alifariki ghafla mwaka jana. Alikuwa mtu wa kupanga mambo. Viwanja alivyonunua, anayemdai na anayedaiwa naye, vyote alikuwa anaandika kwenye laptopu. Tumekuta faili moja la VeraCrypt, kubwa. Tumejaribu majina ya watoto, tarehe, namba za magari. Tumezunguka kwa mafundi, mmoja alichukua hela yetu akasema anafungua, hakufungua. Je, kweli hakuna njia?

Fundi wa Makoroboi

Pole sana ndugu yangu, na poleni familia nzima.

Nitakujibu bila kuzunguka. Kama nywila ilikuwa nzuri, hakuna njia. Si kwangu, si kwa waliotengeneza VeraCrypt wenyewe, kwa sababu hawakuweka mlango wa nyuma. Anayekuambia atafungua kwa uhakika anakudanganya, usimpe tena shilingi.

Vitu vya kufanya ni hivi. Tafuteni kwenye madaftari yake, nyuma ya kalenda, ndani ya Biblia, kwenye bahasha za risiti. Watu wa mpangilio huwa wanaiandika mahali. Tafuteni kwenye simu yake kama mna uwezo wa kuifungua kihalali. Na viwanja visisubiri hilo faili: nendeni ofisi ya ardhi na serikali ya mtaa, kumbukumbu za umiliki ziko huko pia. Faili lenyewe msilifute, likopieni mahali salama, maana karatasi inaweza kuonekana baada ya miaka.

Wengine wote, msome alichoandika huyu ndugu mara mbili. Kufuli hii haina fundi wa kuivunja. Ndiyo ubora wake, na ndiyo inayoweza kuwaacha watoto wako gizani.

Kisiwani Nansio

Sasa mkuu, mimi na hizi habari za mirathi nifanyeje? Nimewaza nywila ya maneno matano, matatu nimpe mdogo wangu wa kiume, mawili nimpe dada yangu. Mmoja peke yake asiweze, wakikaa pamoja wafungue.

Mwanachuo Malimbe

Wazo zuri lakini hesabu inakataa. Mwenye maneno matatu amebakiza mawili tu. 7,776 mara 7,776 ni kama milioni 60. Anampa kijana anayejua kompyuta, na anayapata. Umempa mdogo wako ufunguo karibu wote na dada yako umempa kidogo.

Fundi wa Makoroboi

Mwanachuo yuko sahihi. Ukitaka lazima wawe wawili, mpe mmoja flashi yenye faili, mwingine nywila nzima. Faili bila nywila ni takataka, nywila bila faili haina cha kufungua.

Hiyo inafanya kazi kama wa nywila hana njia ya kulifikia faili kwenye kompyuta yako yenyewe. Kama mnaishi nyumba moja, basi karatasi iandikwe vizuri kwa herufi kubwa, iwekwe kwenye bahasha, ifungwe kwa gundi, saini ipite juu ya kifuniko, ikae pamoja na hati za kiwanja au kwa mtu ambaye familia nzima inamheshimu. Bahasha ikifunguliwa itaonekana. Na kila ukibadilisha nywila badilisha na karatasi, la sivyo wataikuta ya zamani na itakuwa kama ya Magu.

Katibu wa Mwaloni

Kaka fundi, nimerudi. Nimefanya ulivyosema. Nimehamisha maandishi yote kwenye KeePassDX kwenye simu, namba badala ya majina. Nikakopi faili la .kdbx kwenye flashi, nikalijaribu nyumbani kwa shemeji kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha linafunguka. Nikaweka nywila mbaya kwanza, likakataa. Nikaweka sahihi, likafunguka. Bahasha iko kwa mweka hazina, yeye simu yangu hawezi kuifikia na faili hana.

Kimebaki kitu kimoja kinaninyima usingizi. Yale maandishi ya zamani kwenye kompyuta ya steshenari nimeyafuta na Recycle Bin nimeisafisha. Je, yameondoka kweli?

Fundi wa Makoroboi

Bado, dada. Kufuta kunaondoa jina la faili kwenye orodha ya diski, maandishi yenyewe yanabaki pale mpaka kitu kingine kije kuandikwa juu yake. Programu za kurudisha mafaili kama Recuva zinaishi kwa hilo.

Kama kompyuta ile ni ya zamani yenye diski ya kuzunguka, omba ruhusa kwa mwenye duka, mwambie unataka kusafisha nafasi tupu. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika cipher /w:C:\ na ubonyeze Enter. Inajaza nafasi yote tupu mara tatu, ya kwanza sifuri, ya pili moja, ya tatu tarakimu za kubahatisha. Mafaili yaliyopo haiyagusi. Inachukua saa nyingi, kwa hiyo anzisheni jioni mkifunga duka na muiache usiku kucha. Kama ni SSD, yaani diski isiyozunguka, amri hiyo haina uhakika, lakini Windows za sasa huwa zinaiambia SSD ijisafishe yenyewe muda si mrefu baada ya kufuta, na kwa kawaida hayarudi.

Kabla ya hapo angalia sehemu tatu. Fungua Word, tazama orodha ya mafaili ya karibuni, majina yake yaondoe. Angalia kama lile duka wana OneDrive iliyounganishwa na Documents au Desktop, maana kama ipo, kopi ilishapanda mtandaoni na ina pipa lake la taka, nalo lisafishwe. Halafu zile flashi ulizokuwa ukibebea faili zamani. Hizo uzilete hapa Makoroboi siku ukipita mjini, nitazisafisha mbele yako, sitakutoza.